Nabongo Mumia "raia wa Uganda"? Acheni kutuchezea historia yetu!

Wadau, nina hasira na sitaificha. Wiki jana binti ya dada yangu alishiriki mashindano ya maswali katika shule moja hapa Kisumu. Swali likasomwa: Nabongo Mumia alikuwa raia wa nchi gani? Mtoto akajibu kwamba Mumia alikuwa mfalme (nabongo) wa Wanga, ufalme wa Waluhya hapa magharibi mwa Kenya, na makao yake Elureko yako Kenya, mji wa Mumias wa leo. Msomaji wa maswali akatazama karatasi ya majibu, akasema amekosa, jibu ni Uganda. Alama zikaenda upande wa pili. Mzazi mmoja alipouliza kwa nini, alipewa sababu tatu kwa pumzi moja: sehemu hii zamani ilikuwa Uganda, mababu wa Mumia walitoka Buganda, na ufalme ni desturi ya Kiganda.

Jameni! Mumia alikalia kiti cha babake Shiundu mwaka 1882. Mpelelezi Mwingereza Joseph Thomson alipita kwake 1883. Askofu Hannington naye alipita hapo 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Waingereza walitangaza himaya yao ya Uganda 1894, mfalme akiwa ametawala miaka kumi na zaidi. Sasa alizaliwaje katika nchi ambayo mipaka yake haikuwa imechorwa?

Ni kweli, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikuwa ukifika hadi Naivasha. Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, na tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza wakauhamishia mkoa huo kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Hawakumuuliza mtu. Mumia hakuhamisha hata ng'ombe mmoja, bali mpaka ndio uliohama. Kama hiyo ramani ndiyo kipimo, basi kila aliyezaliwa Nakuru, Kapsabet, Kisumu au Kakamega katika miaka hiyo kabla ya 1902 aitwe Mganda, na wajukuu zake wajiandae. Kuna mtu aliwahi kuitumia ramani hiyo hiyo. Februari 1976 Idi Amin, rais wa Uganda, alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, karibu afike Nairobi. Kenya nzima ilimpinga. Leo msomaji wetu wa maswali anamkubalia Amin mbele ya watoto na kuwapa wengine alama kwa hilo!

Tuje kwenye damu. Masimulizi ya Abashitsetse, ukoo wa kifalme wa Wanga, yanataja Tiriki, hapa hapa magharibi mwa Kenya, na mengine yanakwenda hadi Buganda. Sibishi. Lakini nani hapa hana babu aliyetoka kwingine? Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, alikuwa wa ukoo wa Talai, ambao masimulizi yanaufungamanisha na waganga wakuu wa Kimaasai. Nenda Nandi Hills ukatangaze kwamba Koitalel, aliyeuawa na afisa Mwingereza Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, alikuwa Mmaasai. Mwanasiasa Tom Mboya alizaliwa 1930 katika shamba la mkonge Kilima Mbogo, huko karibu na Thika, alikokuwa akifanya kazi babake. Wazee wake ni Abasuba wa Rusinga, watu ambao koo zao nyingi zilivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Kwa kuzaliwa mngempeleka Thika, kwa mababu mngemvusha ziwa. Lakini amezikwa Rusinga, na sijawahi kusikia shule ikimnyang'anya mtoto alama kwa kusema Mboya ni wetu.

Halafu watu hao hao, Obama aliposhinda 2008, walicheza barabarani wakisema mtoto wa Kogelo, kijiji cha babake, amechukua Ikulu ya Marekani. Serikali ikatupa sikukuu tarehe 6 Novemba. Amezaliwa Honolulu, amelelewa huko na Indonesia, lakini damu ya babake ilitosha. Kwa Obama damu inamleta nyumbani, kwa Mumia damu inamfukuza!

Hiyo ya desturi hata haistahili muda. Mumia alisilimu na kuvaa kanzu kwa sababu ya wafanyabiashara Waswahili waliofika kwake. Mbona hamkumwita mtu wa Mombasa?

Na hilo neno "raia" limetoka wapi? Mumia alifariki 1949. Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Hakuwahi kuwa raia wa Uganda huru wala wa Kenya huru. Swali lenyewe ni bovu, na mtoto aliyesema "mfalme wa Wanga" ndiye pekee aliyesema jambo la kweli pale ukumbini.

Mkitaka kumshitaki Mumia, mashtaka yapo. Wabukusu wana haki ya kumuuliza kuhusu vita vya Chetambe 1895, watu wake walipoandamana na Hobley, mtawala wa Kiingereza, dhidi yao. Majirani wana haki ya kuuliza kuhusu machifu wa Kiwanga waliopachikwa juu yao. Lakini hata kesi hizo ni za hapa: mshitakiwa wa hapa, walalamikaji wa hapa, ardhi ya hapa.

Msinijibu kwamba ni mchezo wa watoto. Watu wa Busia na Malaba, huko mpakani na Uganda, wanajua kuambiwa lete vitambulisho vya babu, lete barua ya chifu, thibitisha kwamba hukuvuka. Katiba yetu, kifungu cha 14, inasema uraia wa kuzaliwa unatokana na baba au mama kuwa raia, haijalishi umezaliwa wapi. Mtoto aliyefundishwa kwamba mfalme wake alikuwa mgeni atajibu nini siku karani atakapomwambia yeye pia ni mgeni?

Waandaaji walirekebishe hilo jibu kwa maandishi na kuwatangazia wanafunzi wote. Na wewe unayetaka kuja hapa chini kuniambia Mumia alikuwa Mganda, njoo na kipimo kimoja. Kitumie kwa Mboya, kwa Koitalel na kwa Obama bila kukibadilisha njiani, ndipo nitakujibu.