Mbunge kafa kwa ajali ya pawatila, kampeni nzima hakuna anayetaja pawatila!

Kamwene wakuu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie.

Huku Mbarali, mkoa wa Mbeya, tunapiga kura tarehe 19 mwezi huu wa Septemba 2023 kujaza nafasi ya marehemu Francis Mtega. Mbunge wetu alifariki tarehe 1 Julai, pikipiki aliyokuwa anaendesha iligongana na pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mkono, nchi nzima ilitangaziwa. Sasa mimi nimeshaenda mikutano minne, ya vyama tofauti, na yote inaanza vilevile, simameni tumkumbuke marehemu, tunasimama, kofia tunavua, tunakaa, halafu basi! Kilichomuua hakuna anayekigusa. Hakuna hata mmoja!

Ishu ya ardhi wanaiongelea na hapo sina neno, tena waongee zaidi, maana tangu lile tangazo la serikali GN 28 la 2008 lililoipanua Hifadhi ya Ruaha mpaka huku kwenye ardhioevu ya Ihefu kuna watu wanalima mpunga hawajui kesho wataambiwa watoke au wabaki. Lisemwe mpaka lieleweke. Lakini jamani hata pawatila zinatumaliza.

Huku kwetu bonde la Usangu pawatila ndo trekta, ndo gari, ndo inayokimbiza mgonjwa usiku. Asubuhi inalima, mchana inafungwa tela inabeba mpunga kupeleka mashineni Ubaruku, jioni inarudi na vibarua wamekaa juu ya magunia. Tela nyuma halina taa, halina rifleksta, na mbele mwingine anamulika kwa tochi ya simu kaibana mdomoni! Na vumbi la mwezi wa tisa mnalijua lilivyo. Unakuja na bodaboda unaona giza tu mbele, kumbe lile giza ni magunia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alilivaa tela kwa nyuma mwaka 2021, saa mbili usiku. Sasa hivi ana miaka 19 na mguu umekatwa chini ya goti. Dereva alikimbia. Mwenye pawatila alituletea debe mbili za mpunga akasema pole. Tulivyoenda kushtaki tukaulizwa namba ya usajili ya chombo, namba gani sasa wakati kile chombo hakijawahi kuwa na namba?? Dada alirudi nyumbani analia njia nzima na kesi ikaishia hapohapo.

Na msiniambie ni gharama. Nimeulizia dukani mwenyewe, rifleksta za kubandika tela zima hazifiki hata bei ya debe moja la mpunga. Kinachotakiwa ni mtu mwenye mdomo wa kusemea tu, aseme chombo kinachoingia barabarani usiku kiwe na taa na namba, na mwenye nacho awajibike. Sasa kama kifo cha mbunge mwenyewe hakijawafanya waseme, wakulima na bodaboda wanaokufa huku kila msimu nani atawasemea?

Juzi nilinyoosha mkono niulize. MC akasema muda wa maswali umeisha, muziki ukafunguliwa.

Keshokutwa kuna mkutano mwingine hapa kwetu. Naenda na mpwa wangu na magongo yake, tunakaa mbele kabisa, na wakisema tusimame tumkumbuke marehemu, atasimama na yeye kwa mguu wake mmoja wamwangalie vizuri.