Ushauri: Nasikilizaje rekodi ya okestra na kwaya iliyotungwa juu ya mashairi?

Mpenda_Beti:
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni msomaji wa mashairi wa siku nyingi, ila kwenye muziki wa okestra ni mgeni kabisa. Rafiki amenipa rekodi ya A Sea Symphony ya Ralph Vaughan Williams, muziki uliotungwa juu ya mashairi ya Walt Whitman. Mwanzo wake umenishika kwelikweli: tarumbeta zinalia, kwaya nzima inaingia kwa pamoja ikiitaja bahari, halafu okestra inafunguka chini yake mpaka mwili unasisimka. Hapo kila neno nalisikia. Lakini kadiri muziki unavyosonga, maneno yananipotea. Nasikia sauti nzuri zinapanda na kushuka, ila shairi silipati tena, na mimi shairi ndilo lililonileta.

Naomba ushauri wenu. Nisome shairi kwanza au niache masikio yatangulie? Tatizo ni rekodi, ni vifaa vyangu, au ndivyo muziki huu ulivyo? Na kubwa zaidi: kikundi chetu cha kusoma mashairi kimeniomba niandae jioni moja tusikilize pamoja kazi ya namna hii. Wengi wao hawajawahi kukaa na okestra hata nusu saa. Nianze nao na ipi? Nisingependa waondoke wakisema muziki umelimeza shairi.

Sauti_ya_Pili:
Karibu sana. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili, kwa hiyo nakujibu kutoka ndani ya kwaya.

Whitman hakujifunga na vina wala urari wa mizani. Mishororo yake ni mirefu na inatiririka. Mtunzi akiigawa kwa sauti nne, mara nyingi haziimbi neno moja kwa wakati mmoja. Soprano wanaanza mshororo, sisi tunaingia nyuma yao na maneno yaleyale wao wakiwa wameshafika mbele, kisha teno na besi nao wanadakia. Ukisimama katikati yetu unaweza kusikia maneno manne tofauti katika pigo moja. Pale mwanzoni ulisikia vizuri kwa sababu wote tunatamka pamoja. Masikio yako ni mazima.

Soma kwanza, tena kwa sauti ya kusikika. Kisha sikiliza sehemu ya pili, ile ya mtu aliye peke yake ufukweni usiku. Mwimbaji wa kiume anaanza taratibu na kwaya inamjibu kwa chini. Shairi likishakukaa kinywani utajua amefika wapi hata maneno mawili matatu yakikupita. Ila kwa wageni usianze na kazi hii. Inazidi saa moja, na sehemu ya nne peke yake inakaribia nusu saa.

Fundi_Spika:
Naongezea upande wa mitambo. Sauti ya kike ikipanda juu sana, irabu zinaanza kufanana. Sikio hutofautisha a na e na o kwa namna mdomo na koo vinavyokuza baadhi ya masafa ya sauti na kupunguza mengine. Noti ikiwa juu mno, masafa mengi ya kuonyesha tofauti hiyo hayamo tena ndani yake, kwa hiyo hata mwimbaji hodari kabisa hawezi kulikwepa hilo. Konsonanti nazo zina shida yake: watu mia wakiitamka t kwa kupishana kidogo tu, makali yake yanapotea. Ukiongeza ukumbi wenye mwangwi mrefu, ndiyo hali uliyoisikia.

Tumia spika mbili zilizoachana, maana ya simu inafuta besi na kurundika kila kitu mahali pamoja. Na kabla wageni hawajafika, pima sauti kwa kutumia kipande chenye kelele kubwa kuliko vyote. Rekodi hizi zina tofauti kubwa kati ya chini na juu. Ukipima kwa kipande cha polepole, kwaya ikilipuka mtarukia swichi.

Mwalimu_wa_Tenzi:
Kwa jioni ya kikundi napendekeza Schicksalslied ya Johannes Brahms, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1871 juu ya shairi la Friedrich Hölderlin. Inachukua takriban robo saa. Mnaweza kuisikiliza mara mbili usiku mmoja na bado mkapata muda wa kuzungumza.

Shairi lina beti tatu. Mbili zinasifu maisha ya miungu huko juu kwenye nuru, wasiojua uzee wala taabu. Wa tatu unatugeukia sisi: wanadamu hawana pa kupumzikia, wanaanguka saa hadi saa kama maji yanayotupwa kutoka mwamba hadi mwamba, mwaka baada ya mwaka, kuelekea kusikojulikana. Hölderlin anaishia hapo, bila faraja yoyote.

Sasa sikilizeni alichofanya Brahms. Okestra inaanza polepole, ngoma zikidunda chini kwa chini, kisha alto, yaani wanawake wa sauti ya pili, wanaingia peke yao na mwanga wa ubeti wa kwanza. Ubeti wa tatu ukifika, nyuzi zinaanza kukimbia na kwaya inapaza sauti. Pale penye maji na miamba, maneno yanakatwakatwa: kwaya inatamka kidogo, inanyamaza, inatamka tena, na wewe msikilizaji unaachwa hewani kati ya mwamba na mwamba. Halafu sauti zinafifia na kwaya inanyamaza moja kwa moja. Okestra inaurudisha muziki wa mwanzo, safari hii kwa ufunguo mwingine, filimbi ikibeba sauti ya juu. Mshairi amemaliza gizani, ila mtunzi hakukubali kufunga mlango hapo.

Je, Brahms anamfariji Hölderlin au anampinga? Waulizeni wanakikundi. Watu wa mashairi wakipata swali hilo hawatalala.

Kwa utaratibu, andaa maana ya kila ubeti kwa Kiswahili cha kawaida, mtu mmoja aisome, ndipo muziki upigwe bila kukatizwa. Tafadhali msifuate karatasi neno kwa neno wakati kwaya inaimba. Macho yakibanwa na karatasi, masikio yanalala.

Kaka_Besi:
Mwalimu, kwa heshima zote, mimi ningewapeleka kwenye War Requiem ya Benjamin Britten. Sababu yangu ni kilio cha mwenye uzi: anataka maneno yasikike. Britten amepanga kazi yote kwa kulijali hilo. Kwaya kubwa, soprano na okestra kamili wanaimba misa ya wafu kwa Kilatini. Mashairi ya Wilfred Owen ameyatenga kwa wanaume wawili, teno na baritoni, wakisindikizwa na wapigaji kumi na wawili tu. Hakuna wa kumfunika mshairi hapo. Watoto wanaimba kwa mbali, wakisindikizwa na kinanda.

Owen alikuwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla bunduki kunyamaza. Kazi yenyewe ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 katika kanisa kuu jipya la Coventry, Uingereza, lililojengwa kando ya magofu ya lile lililobomolewa kwa mabomu mwaka 1940. Britten aliirekodi mwenyewe London, Januari 1963, na rekodi hiyo bado inapatikana.

Yote ni ndefu, chukueni sehemu ya Offertorium tu. Kila mtu anakijua kisa cha Ibrahimu na mwanawe. Owen anakisimulia kama kilivyo, malaika anaita, kondoo dume yupo, halafu mzee anakataa na anamchinja mwanawe pamoja na nusu ya uzao wa Ulaya, mmoja mmoja. Wanaume wawili wanayarudiarudia maneno hayo ya mwisho huku watoto wakiendelea na sala yao kwa mbali kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo muziki unasema kitu ambacho karatasi peke yake haikiwezi.

Mwalimu_wa_Tenzi:
Nakubali kipande hicho kina nguvu kubwa. Ila kiwe cha pili. Ukianza nacho, hakuna atakayekuwa na moyo wa kusikiliza kingine.

Mpenda_Beti:
Asanteni sana wakuu, mmenifungua. Nitaanza na Brahms, tupumzike, kisha Ibrahimu wa Owen. Maana za Kiswahili nimeshaanza kuziandika.

Swali moja la nyongeza. Shairi la Edgar Allan Poe kuhusu kengele nalijua kwa moyo. Nasikia Rachmaninoff alilitungia okestra na kwaya. Naweza kulifuata kwa Kiingereza changu hichohicho?

Sauti_ya_Pili:
Hapana, utapotea njiani. Kazi hiyo ya mwaka 1913 imetungwa juu ya maneno ya Kirusi ya Konstantin Balmont, naye alilichukua shairi la Poe kwa uhuru mkubwa. Mpangilio umebaki: kengele za fedha za gari la theluji, za dhahabu za harusi, za shaba za kutoa hatari, na za chuma za msiba, kila moja na sehemu yake. Lakini mshororo kwa mshororo hazilingani na ulichokariri. Tumia maneno yaliyo kwenye kijitabu cha rekodi.

Anza na sehemu ya tatu, ile ya hatari. Haina mwimbaji wa peke yake, ni kwaya na okestra tu. Maneno yatakupotea tena, ila huo ni moto unawaka na watu wanapiga yowe, na kwa kuwa unalijua shairi utajua hasa wanacholilia.