Uzi wa moto: uliyewahi kuzima moto mtaani au porini ingia hapa tupeane uzoefu

Mshika Hosi (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Kila moto ukitokea mjini kesho yake ni nyimbo zilezile, faya wamechelewa, faya wamekuja hawana maji. Mimi niko kwenye hiyo kazi, mkoa sitaji, na sijaja kumtetea mtu hapa. Nataka tusimuliane yaliyotukuta pale pale kwenye moto, uwe wa nyumba au wa pori, hata kama wewe ulibeba ndoo tu karibu sana.

Nianze na hilo la maji maana najua litakuja. Gari tunalotumia sana linabeba lita 5,000 hivi, mengine zaidi mengine pungufu. Hosi moja ikifunguliwa vizuri inakula lita 400 mpaka 500 kwa dakika, na moto wa nyumba hauzimwi na hosi moja, weka mbili, piga hesabu mwenyewe. Dakika tano sita tanki kavu, na hapo ndo jirani anatoka na simu anarekodi "jamani wamekuja bila maji". Yalikuwepo, yako pale ukutani yanafuka mvuke! Baada ya hapo ni kusubiri boza au kutafuta haidranti, lile bomba la maji la zimamoto lililofukiwa mtaani, na haidranti nyingi mtaani utaikuta iko chini ya kibanda au mtu kaimwagia zege wakati anatengeneza baraza lake. Nimewahi kupiga magoti nakwangua mchanga kwa mikono natafuta kifuniko, huku mama wa chipsi juu yangu ananiambia kaka angalia karai langu lina mafuta ya moto.

Moto wenyewe siku hiyo ulikuwa nyumba ya kupanga, ile ya vyumba vinatazamana korido katikati. Tunafika mlangoni na hosi, mlango umeziba. Umezibwa na nini? Sofa. Wapangaji wawili wanatoa sofa la watu watatu, limekwama limesimama wima, mmoja yuko ndani na moshi anasukuma, mwingine yuko nje anavuta na anatugombeza tumpishe. Tulimvuta yule wa ndani kwa kupitia chini ya miguu ya sofa, sofa tukalikata na shoka, na mpaka leo mwenye sofa nikipishana nae hanisalimii.

Haya, nimefungua, tiririkeni.

Mama Wawili wa Mbagala

Hahaha sofa jamani. Ila usiwacheke, mtu anadaiwa mkopo wa hilo sofa.

Mimi ni gesi. Jirani yangu wa ukuta mmoja alibadilisha mtungi jioni, regyuleta haikukaa vizuri, akaenda sokoni. Mimi nikasikia harufu nikadhani ni choo, mpaka mwanangu akasema mama hii gesi. Basi akatokea kijana mmoja mpangaji, shujaa kweli, anataka kuingia awashe taa aone inatokea wapi! Nilipiga kelele mtaa mzima ukasimama. Gesi ya kupikia nzito kuliko hewa, inashuka inajikusanya chini sakafuni, na cheche ya swichi inatosha kabisa. Hilo nilifundishwa na askari wa zimamoto walipokuja kikundini kwetu, tulikuwa tunasubiri kugawana hela za mchezo wakatuambia kwanza kaeni tuwafundishe, tukanuna weee, lakini kile kidogo ndo kilichotuokoa.

Nikapiga 114, namba ya zimamoto, ni bure hata kama huna salio. Sasa swali la kwanza, uko wapi? Hapo ndo utajua hujui unapoishi. Nikaanza, ukitoka stendi ulizia kwa Mangi, kuna mwembe... yule wa kwenye simu akanikatisha kwa upole, dada, mlangoni kuna kibao cha namba? Kile kibao cha anwani za makazi cha mwaka 2022 ambacho wote tulikipuuza. Nikamsomea mtaa na namba ya nyumba. Halafu nikamtuma bodaboda akasimame barabarani akiona gari alitangulie, maana uchochoro wetu ukikosea kona moja gari kubwa haligeuki.

Walipofika mlango ulishafunguliwa upepo unapita na umeme tumezima kwenye meni switchi ya nje. Askari mmoja akaingia kimya kimya akafunga mtungi, akautoa nje akauweka kivulini, basi, kazi imeisha. Watu wakaondoka wamekasirika hakuna moto wa kurekodi.

Mgumu wa Marangu

Mimi ni mpagazi, napandisha mizigo Kilimanjaro. Oktoba 2020 moto ulianza tarehe 11 pale Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Ilisemwa ni wapagazi walikuwa wanapasha chakula, tukaangaliwa vibaya wote kwa muda mrefu, lakini wapagazi hao hao na maguide walikuwa mstari wa mbele kuuzima, hilo halisemwi.

Kuna mtu Dar aliniuliza mlimani si kuna barafu, moto unatoka wapi. Barafu iko juu kabisa ndugu yangu. Mandara ni mita 2,720 na Horombo mita 3,720, hapo katikati msitu unaisha unaingia kwenye vichaka vya erika na nyasi, na mwezi wa kumi kabla mvua hazijashika vinakuwa vikavu hatari. Gari la faya halifiki, barabara hakuna, maji unabeba mgongoni. Silaha yetu ilikuwa matawi mabichi, panga na majembe. Walikuja TANAPA wa hifadhi za taifa, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanakijiji kutoka chini, mamia ya watu, na akina mama walikuwa wanapandisha chakula na maji kwa zamu.

Sasa kupiga moto na tawi kuna namna yake. Mgeni utamuona anapiga kwa kuinua mkono juu kama anaua nyoka, huyo anasambaza cheche, zinaruka zinawasha nyasi nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Unatakiwa ulaze tawi, ukandamize, uburute kuelekea upande ulioshaungua. Na mnasimama mstari, mmoja akichoka anatoka mwingine anaingia, hakuna kupishana kiholela maana moshi ukishuka humuoni mwenzio wa mita mbili.

Kilichotumaliza nguvu ni ardhi. Udongo wa kule umejaa mizizi na majani ya zamani, moto unaingia chini. Juu unaona majivu yamepoa, umekaa umepumzika unakula muhogo wako, mara makalio yanapata moto, unaruka! Ukichimba unakuta kaa jekundu linatembea chini ya mzizi, kesho linaibukia pembeni kwenye nyasi ambazo jana ulishazihesabu zimepona. Ndo maana watu walikuwa wanatangaza umedhibitiwa halafu unawaka tena. Dawa ni kuchimba mfereji mpaka ukutane na udongo usio na mizizi. Na usiku baridi, uso unaungua mgongo unaganda, wenzangu waliopanda na ndala na shuka la kimasai walipata shida sana.

Mwishoni TANAPA walitaja karibu kilomita za mraba 95 zimeungua. Oktoba 2022 ukaja mwingine upande wa kambi ya Karanga, tukapanda tena.

Kijana wa Hovyo

Mgumu umeua hapo kwenye makalio 😂😂 heshima yenu lakini.

Mnyalukolo

Huku kwetu Mufindi moto ni mambo ya kila kiangazi, Sao Hill hii, msitu wa kupandwa wa serikali, na mashamba yetu ya miti ya watu binafsi. Chanzo kwa asilimia kubwa ni mtu anaandaa shamba la mahindi, mwezi wa tisa wa kumi anachoma mabua saa saba mchana upepo umeshika. Kijijini kwetu utaratibu upo, uchome jioni upepo umetulia, usafishe pembeni, uwaambie majirani, lakini kuna watu kila mwaka wao ni mchana tu.

Mtendaji akipiga mbiu wote mnatoka, usipotoka unalipa faini na wengine wanalipa kweli. Kazi kubwa sio kukimbilia moto, wengi hawajui hili. Unaenda mbele ya moto kwenye barabara ya moto, ile njia iliyofyekwa ikalimwa katikati ya vitalu, unasimama hapo. Kama unakuja kwa nguvu wazee wanaamua kuukutanisha, yaani mnawasha moto wenu kutokea kwenye barabara urudi kukutana na ule mkubwa, ukikuta pameshaungua unakosa chakula. Inatisha kuliko maelezo. Mnawasha kwa makusudi kwenye miti ya mtu, tena mwenyewe yupo anaangalia, na lazima mzee mmoja tu atoe amri, wakiwa wawili mmeumia. Msimu mmoja kitalu kilichochomwa kilikuwa cha mjomba wangu, misindano (paini) ya miaka kumi na kitu, karibu na kuvuna. Aliwasha yeye. Alichukua kienge kwa yule kijana akasema kama ni kuchoma nachoma mimi, na zaidi ya hapo hakuongea kitu mpaka usiku. Vitalu vya nyuma yake vyote vilipona, na wenye vitalu walimchangia miche msimu wa mvua, ingawa nijuavyo mimi sio wote.

Moto wa misindano ukiwa chini kwenye majani makavu mnauweza. Ukishapanda juu kwenye matawi, kimbia, usibishane nao.

Bint Shela

Asalam aleikum. Niko Lamu. Nyinyi mwalia gari halipiti kwenye uchochoro, sisi mjini gari halipo kabisa, vichochoro ni vya mtu na punda. Moto ukiwaka huku wa kwanza kujua ni spika ya msikiti, mwadhini akinadi nje ya wakati wa swala kila mtu moyo wamruka. Ndoo zaanza kutoka bahari, mstari wa watu hadi kwenye nyumba, na kama kuna pampu ya petroli huteremshwa ufuoni ivute maji ya chumvi.

Adui wetu ni makuti. Kaskazi ikivuma kipande cha kuti chawaka chapaa juu ya nyumba tatu nne chatua kwengine. Basi vijana hupanda paa la jirani ambalo halijashika, wakalichana makuti yote waache boriti tupu. Hapo ndipo ugomvi! Mwenye nyumba asema yangu haiungui mwanivunjia nini, na kijana yuko juu na panga haskii. Ami yangu walimchania paa lote, moto ukaishia nyumba ya pili kutoka kwake, na hadi leo ashikilia kuwa usingefika kwake hata kidogo. Siku hizi wengi waweka mabati, joto lake sasa ndilo balaa.

Moro Town

Naongeza dogo. Hapa Morogoro tangu ile ya Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilianguka watu wakaenda kuchota likalipuka, walifariki zaidi ya 100, kuna kitu kimebadilika. Juzi kati lori lingine lilipinduka nje ya mji, nikashuka kwenye basi nikaona zimamoto wamefunga utepe mbali kabisa, wanamwaga povu, maana petroli inaelea juu ya maji inaendelea kuwaka. Kijana mmoja akatokea na dumu. Waliomrudisha sio polisi, ni akina mama wauza ndizi, walimfukuza kwa matusi ambayo humu moderata atayafuta.

Matroni

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana. Baada ya mabweni ya wasichana kuungua Shauritanga 1994 na Idodi 2009, na Idodi ilikuwa mshumaa tu wa kusomea, ungedhani nondo za madirisha zimeisha mashuleni. Wapi. Zimamoto walikuja shuleni nilikokuwa zamani kufanya zoezi, afande akaniambia nifungue mlango wa dharura, nikamwonyesha uko pale nyuma ya makabati. Akasogeza kabati, kufuli. Ufunguo kwa mlinzi, mlinzi kaenda kula. Nilikuwa nimeshaandika barua mbili kuhusu huo mlango. Afande hakunigombeza, aliwapanga watoto mstari akawaambia haya tokeni kama mnavyotoka siku zote, akawasha saa ya simu, halafu akampelekea mkuu wa shule ile simu aangalie mwenyewe. Kufuli lilikatwa mchana huohuo.

Pia alitufundisha kutambaa. Godoro la sponji likiwaka moshi wake ni sumu unakuangusha kabla moto haujakufikia, hewa nzuri iko chini karibu na sakafu. Wasichana walicheka wanatambaa na sketi za shule, mimi nikatambaa nao na umri huu.

Kijana wa Hovyo

Swali kwa mwanzisha uzi, mafuta ya kukaangia yakiwaka jikoni ni kweli usimwage maji? Maza anabisha.

Mshika Hosi

Usimwage. Maji yanazama chini ya mafuta yanachemka ghafla yanarusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye dari, nimeona jiko zima limeondoka hivyo kwa kikombe kimoja. Zima jiko kama unafikia, funika na mfuniko au taulo bichi lililokamuliwa, anzia upande wako ukisukuma mbele mikono ikae nyuma ya taulo, na usifunue kuchungulia mpaka chombo kipoe kabisa. Mwambie maza hivyohivyo.

@Matroni na @Mnyalukolo asanteni sana. Kuna yeyote humu alikuwa na kizimba soko la Karume pale Mchikichini lilipoungua Januari 2022, au soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021? Nataka kusikia upande wa wafanyabiashara, hasa mliorudi ndani kutoa mzigo.