Tukimsomesha mhasibu anaondoka. Pesa ya mafunzo tuitumieje?

Mratibu_Kyegegwa:
Habari zenu ndugu zangu. Naratibu shirika dogo hapa Kyegegwa, Uganda, tunahudumia vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama ndani ya makazi ya wakimbizi ya Kyaka II. Tuko saba, wengi wetu ni Wakongo, kwa hiyo ofisini tunaongea Kiswahili.

Mwaka huu mfadhili ametutengea shilingi milioni 6 za kujenga uwezo. Lakini nina hofu. Ndani ya miaka mitatu tumepoteza wahasibu wawili, wote baada ya kuwasomesha Kampala. Wa pili alipata kazi shirika kubwa kwa mshahara mara mbili ya wetu. Simlaumu, ana watoto. Ila alipoondoka, ripoti ya robo mwaka ilichelewa wiki sita. Hakuna aliyejua vocha za malipo zimepangwaje wala nywila ya kompyuta. Nilikesha na maboksi ya risiti.

Sasa bodi inataka mhasibu mpya asaini: akisoma kwa pesa yetu, akae miaka miwili au arudishe ada. Moyo wangu unasita. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

MamaHesabu:
Pole sana mdogo wangu. Hata kama asingeondoka, malaria ingemlaza wiki mbili na mngekwama vilevile. Kazi yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Mimi nisingempeleka mtu Kampala. Ningemleta mhasibu mzoefu akae nanyi siku tatu kila mwisho wa mwezi, kwa miezi minne, mkifunga hesabu zenu wenyewe: daftari la fedha taslimu, kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, makato ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato. Afundishe wawili, mhasibu pamoja na mtu wa miradi. Mwezi wa kwanza afanye yeye mkitazama, wa tatu mfanye nyinyi atazame yeye. Kila hatua iandikwe, kwa Kiswahili chenu. Kisha mpe mhasibu likizo ya wiki nzima mwisho wa mwezi, simu imezimwa, muone kama hesabu zitafungika.

Ila angalia: hata mkiwa saba, anayeandaa vocha asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Kufundishana kazi kusiue ulinzi huo.

Kijana_Nakivale:
Dada, kwa heshima, hapo sikubaliani. Kwetu wakimbizi cheti ni kitu kikubwa. Vyeti vyangu vya nyumbani vilibaki vitani. Kile nilichopata Uganda ndicho pekee ninachoweza kuweka mezani. Mkiacha kusomesha watu kwa sababu wataondoka, mnatufungia mlango. Mwacheni asome, lakini kila Ijumaa afundishe wenzake saa moja alichojifunza wiki hiyo.

Okello_Gulu:
Mratibu, mkataba wa kumfunga mtu niliwahi kuusaini. Nilikaa miaka miwili nikihesabu siku, na kazi yangu ilionyesha hivyo. Tazameni kwanza mnachompa. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, mnalipa? Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 yenu, 5 yake. Iwekeni kwenye bajeti mnayompelekea mfadhili. Mtu mwenye akiba yake haondoki upesi.

MamaHesabu:
Kijana wa Nakivale, umenigusa, sikuliwaza hilo la vyeti. Basi pesa igawanywe. Lakini Mratibu, muulize mfadhili kwa maandishi kabla ya kutumia. Fungu la mafunzo si lazima liruhusu kumlipa mtaalamu wa kuja ofisini. Na usisahau uandishi wa maandiko ya miradi. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwanzoni mwa 2025, najua ofisi zilizogundua kwamba anayejua kuomba pesa ni mkurugenzi peke yake.

Mratibu_Kyegegwa:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimemwandikia mfadhili leo asubuhi: milioni 4 za mhasibu wa kuja hapa, 2 za kozi ya jioni yenye cheti. Mkataba wa miaka miwili nitaiomba bodi iuache. Nywila zote tumeziandika, zimo kwenye bahasha iliyofungwa, anayo mweka hazina wa bodi.

MamaHesabu, huyo mtu wa miradi atakayejifunza hesabu ndiye pia anayenunua vifaa vya vikundi. Je, nimtafute mwingine?

MamaHesabu:
Mtafute mwingine. Anayenunua asikaribie vitabu.