Kwa nini ngumi ileile ya Kazuya huadhibiwa mara moja na mara nyingine haiadhibiwi?

Mchezaji wa Mbale
Ndugu zangu, habari za jioni. Hapa Mbale tunacheza Tekken 8, mchezo wa video wa kupigana, katika banda ambako mshindi hubaki na padi ya kuchezea na aliyeshindwa humpisha anayefuata, kwa hiyo kosa dogo hukuweka benchi kwa muda mrefu. Namtumia mhusika Kazuya, na tegemeo langu ni ile ngumi ya kulia inayotoka katika mwendo wa kuchutama huku ukisonga mbele. Kuna jamaa anayeizuia kila mara, lakini safari nyingine hunipiga papo hapo kabla sijaweka kinga, na safari nyingine hubaki amebanwa huku mimi nikiendelea kushambulia. Naomba mnieleze kinachotofautisha hali hizo mbili, na kama kuna namna ya kuifanya ngumi hiyo iwe salama daima.

Fundi wa Padi, Kampala
Ndugu, unapiga ngumi mbili tofauti. Kitufe cha ngumi kikibonyezwa katika fremu ileile (fremu ni picha moja ya skrini) ambayo kidole kinafika kwenye kona ya chini mbele ya kitufe cha mwelekeo, hutoka ile yenye umeme; kikichelewa, hutoka ya kawaida. Mchezo huu huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi uliyo nayo ni milisekunde 17 hivi.

Yanayofuata ni hesabu ya kutoa. Ngumi ikizuiwa, mpigaji hufungika hadi mkono wake urudi, na aliyezuia naye hufungika kwa kishindo cha pigo. Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili ndiyo faida ya fremu. Ngumi ya kawaida huacha hasi 10, yaani mwenzako anafunguka fremu 10 kabla yako, na kwa kuwa ngumi fupi, yaani ile ya haraka kabisa, ya wahusika wengi hufika kwa fremu 10, huna hata muda wa kukinga. Yenye umeme huacha chanya 5, yaani wewe unafunguka fremu 5 kabla yake. Hapo mwenzako akijibu kwa ngumi yake ya fremu 10, pigo lako lolote la fremu 14 au chini ya hapo litamfikia kwanza, ndiyo maana unamwona amebanwa.

Binti wa Jinja
Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila neno "salama" linahitaji uangalifu, kwa sababu watu wengi hulichanganya na zamu. Pigo la hasi 9 ni salama, maana ngumi ya fremu 10 haitakukuta umefungika. Lakini zamu imeshahamia kwa mwenzako, na ukilazimisha ngumi fupi hapo, hata pigo lake la fremu 18 litakutangulia. Baada ya hasi 9 kinga, au rudi nyuma.

Umbali nao una uzito. Pigo likimsukuma aliyezuia hadi ngumi fupi isifike, hasi 12 yaweza kupita bila adhabu, ilhali mkiwa mmekaribiana pigo hilohilo litakuumiza. Wala usizihamishe namba hizi kwenye Street Fighter 6, mchezo mwingine wa kupigana, ambako ngumi za haraka kwa kawaida hufika kwa fremu 4, kwa hiyo hasi 4 kwa karibu tayari ni hatari.

Kuhusu "daima", jibu langu ni hapana. Ngumi ya umeme ni pigo la juu. Jamaa yako akichutama, itampita kichwani naye atakurusha hewani, na ile chanya 5 haitakusaidia kwa kuwa hakuizuia.

Mchezaji wa Mbale
Asanteni sana, dada na kaka. Je, nitajuaje nimetoa ipi katikati ya mchezo?

Fundi wa Padi, Kampala
Utaona umeme ukimulika mkononi, na mlio wake ni tofauti. Mwombe mwenye banda akuachie mashine asubuhi kabla wateja hawajafika, ingia kwenye sehemu ya mazoezi, washa onyesho la fremu, kisha mpange mpinzani wa kompyuta azuie na kujibu kwa ngumi fupi. Kila ngumi ya kawaida utakayoitoa utaadhibiwa. Anza upande wa kushoto wa skrini, halafu hamia kulia, kwa sababu vidole hupata shida tofauti kila upande.