Gesi ya kiyoyozi cha Corolla ya mwaka 1992 haikai: nianzie wapi?

Mkazi wa Tanga
Ndugu wadau, habari za kazi. Ninamiliki Toyota Corolla ya mwaka 1992 ambayo injini yake bado ni nzima, lakini kiyoyozi kikijazwa gesi hupoza vizuri kwa wiki chache tu, kisha hewa huanza kutoka vuguvugu na hatimaye kompresa (pampu inayosukuma gesi) huacha kushika. Mafundi wa mtaani wananishauri niendelee kuongeza gesi, na mmoja amependekeza dawa ya kuziba matundu. Ninalitumia gari hili kumpeleka mama hospitali, na joto humchosha mno, kwa hiyo nataka tatizo limalizwe kabisa. Je, uvujaji hutafutwaje, na ni lazima ninunue kompresa nyingine?

Fundi wa Baridi
Pole sana ndugu yangu, na mama apate nafuu. Gesi ya kiyoyozi haiungui ikaisha kama petroli. Huzunguka humo humo, na ikipungua upesi namna hiyo ujue kuna mahali inatokea. Kompresa huacha kushika kwa sababu swichi ya presha huikatia umeme gesi inapokuwa kidogo, maana oili ya kuilainisha husafiri pamoja na gesi. Ndiyo sababu doa la mafuta lililoshika vumbi ni ushahidi wa kwanza: kagua maungio ya mipira, vali za kujazia, kondensa (kifaa kinachotoa joto la gesi nje) iliyo mbele ya rejeta, ambayo hupigwa na mawe, na uso wa kompresa nyuma ya klachi inayoiunganisha na mkanda wa injini.

Usipoona kitu, fundi ajaze nitrojeni kavu hadi takriban bar 10, apake povu la sabuni kwenye maungio na aiache geji aone kama inashuka. Asithubutu kutumia oksijeni ya kuchomelea, kwa kuwa ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka na kuua mtu. Evapoleta, yaani kifaa kinachopoza hewa inayoingia ndani ya gari, imejificha ndani ya dashibodi, mahali ambapo povu halifiki. Hiyo huchunguzwa kwa rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno.

Mstaafu wa Gereji, Mombasa
Naongeza jambo ambalo kwa gari la umri huo ni zito. Mwaka 1992 viwanda vilikuwa katikati ya kuiacha gesi ya R-12, inayoharibu tabaka la ozoni na iliyodhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na kuhamia R-134a. Soma kibandiko kilicho chini ya boneti. Ikiwa mfumo ulianza na R-12, R-134a haichanganyiki na oili yake ya madini, hivyo oili hairudi vizuri kwenye kompresa. Inafaa kuweka oili ya esta, kubadili oringi zote (pete za mpira zinazoziba maungio), na kujaza kwa mizani takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali wa R-12.

Mfumo ukishafunguliwa, draya (chombo kinachonyonya unyevu) ibadilishwe, kisha pampu ivute hewa kwa dakika 30 au zaidi. Hapa pwani mimi huiacha saa nzima, kwa kuwa unyevu unaobaki huganda kwenye vali ya upanuzi, yenye tundu jembamba la kupitishia gesi, na kuzaa asidi inayokula vyuma. Kuongeza gesi kila mara ni kuimwaga angani, na R-134a hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanataka gesi za aina hiyo zipunguzwe.

Mkazi wa Tanga
Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimekagua na kukuta mafuta yametapakaa nyuma ya klachi ya kompresa, na maungio mengine ni makavu.

Fundi wa Baridi
Basi inaelekea ni sili ya shafti, yaani kizibo kinachozunguka mhimili wa kompresa. Fundi aifungue na kuikagua shafti yenyewe: ikiwa ni laini, sili mpya inatosha, ikiwa imechimbika, sili mpya nayo itavuja, na hapo ndipo utafute kompresa nyingine. Ile dawa ya kuziba ikatae, kwa sababu huweza kuganda ndani ya vali na kuharibu hata mashine ya atakayekuhudumia baadaye. Vilevile usikubali kuwekewa gesi ya kupikia, ambayo evapoleta ikitoboka itajaa ndani ya gari alimokaa mama. Ukishatengeneza, washa kiyoyozi dakika chache kila wiki hata wakati wa baridi, ili sili ipate oili.