Mrejesho: ile ishu ya kununua sehemu ya kaburi mapema

Wakuu habari, mtakumbuka niliuliza kama ninunue kabisa sehemu ya kaburi nikiwa hai au niache watoto watajua wenyewe. Basi sijanunua, yaani sijanunua bado. Niliomba mkataba niusome kabla ya kutoa hela na hapo ndo macho yakafunguka, kumbe unacholipia siyo ardhi, ni haki ya kuzikwa pale tu, halafu kuchimba, jiwe na matunzo ya kila mwaka vyote vinalipiwa pembeni. Nikauliza je nikihama naweza kuuza? Jamaa anayeuza akakohoa kidogo akasema "inategemea", wakati kwenye karatasi imeandikwa bila idhini yao humuuzii mtu na hela hairudi. Mke wangu yeye alikuwa anaangalia kivuli cha mti pale makaburini, eti hapa patamfaa, nikacheka mpaka nikasahau nilichotaka kuuliza.

Tumekubaliana hela tunaiweka akaunti ya pembeni kwa majina yetu wawili, na kwenye daftari nimeandika nataka kuzikwa wapi. Binti yangu mkubwa nimemuonyesha lilipo, akanuna, hakutaka hata kulishika. Aliyenishauri niulizie gharama za kuchimba, asante sana mkuu, umeniokoa.